Kunyamaza Nako ni Kuongopa?

"Gari la zamani, mzee wangu. Halikosi mlio."

Ndugu msomaji, hayo ndiyo maneno niliyoyatamka. Ni maneno saba tu. Yapime moja moja uone kama kuna la uongo. Gari lilikuwa la zamani kweli: Mercedes-Benz 230E ya mwaka 1983, la ule ukoo unaoitwa W123, uliotengenezwa Ujerumani kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya themanini, magari yapatayo milioni mbili na laki saba. Mzee alikuwa mzee kweli, mwalimu mstaafu mwenye mvi. Na gari la umri ule halikosi mlio. Hata aliyelitengeneza asingebisha. Kwa hiyo sikuongopa. Ndivyo nilivyojiambia siku ile, na ndivyo nilivyojiambia kwa muda wa miezi mitatu iliyofuata. Leo nataka nijiulize upya, na nataka nijiulize mbele yako.

Mimi si mwanafalsafa. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja yanachechemea, nikakimbilia kwa mjomba wangu ambaye ana gereji bubu huko Ilala. Kama hujui, gereji bubu ni ile isiyo na kibao wala ukuta: mwarobaini mmoja, maturubai mawili, masanduku ya spana na magari ya watu. Mchana nashika spana, usiku naandika riwaya ambayo mpaka leo iko sura ya nne. Washkaji wa kijiweni huniita Shaaban Robert wa Oili. Nawaacha waseme.

Gari lile lililetwa kwetu wiki mbili kabla ya siku ya maneno yale saba. Mwenye gari alisema, "Linalia." Hakusema zaidi. Mjomba naye hakumuuliza limeharibika nini, maana ana kanuni yake: mwenye gari usimuulize ni ugonjwa gani, muulize linalia lini. Likiwa limesimama au likienda? Likiwa baridi au likipata moto? Ukikanyaga mafuta au ukiachia? Mlio wenyewe haukuambii kitu. Saa ya mlio ndiyo inayokuambia.

Hapo lazima nikueleze kidogo gia boksi ya otomatiki ikoje, la sivyo hutanielewa kosa langu. Gari hili halina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na gia boksi kuna konveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili, ndani yake mna mapangaboi yanayotazamana. Injini inazungusha moja, oili inarushwa, inalisukuma la pili. Maarifa hayo yalibuniwa na Mjerumani Hermann Föttinger mwanzoni mwa karne ya ishirini, kwa ajili ya meli, si kwa magari. Nyuma ya konveta ndipo zilipo gia zenyewe, nazo huitwa gia za sayari. Mjomba huzichora mchangani kwa njiti: katikati jua, kulizunguka jua sayari tatu au nne, na nje duara kubwa lenye meno kwa ndani. Meno yote yameshikana muda wote. Hakuna gia inayotoka wala kuingia. Kinachobadilisha mwendo ni kushikwa na kuachiwa: ukilishika duara lisizunguke, sayari zinalazimika kutambaa ndani yake, na gari linapata nguvu za kuondokea. Ukiachia hicho ukashika kingine, unapata mwendo mwingine. Mikono ya kushikia ni mikanda na sahani za klachi, na anayeiamrisha mikono hiyo ni oili.

Lakini sikiliza jambo hili. Kwenye gia ya nne ya gari lile hakuna kinachozuiwa. Jua, sayari na duara vinafungwa pamoja, vinazunguka kama bonge moja. Meno yanagusana ila hayasagani. Kwa hiyo gia zilizolika zinaweza kulia kwenye ya pili, zikalia kwenye ya tatu, halafu kwenye ya nne zikanyamaza kimya, kama mtoto mtukutu mwalimu anapoingia darasani.

Tulianza na oili. Gari likiwa pahala pa usawa, injini imepata moto na inaunguruma, mkono wa gia uko kwenye P, unachomoa kijiti cha kupimia. Oili nzuri ni nyekundu kama juisi ya rozela. Yetu ilikuwa kama chai ya rangi, na ukiinusa ilikuwa na harufu ya kuungua kwa mbali. Lakini kiasi kilitosha. Hilo ni jambo kubwa, maana oili ikipungua pampu inavuta hewa, inapiga kelele kama paka aliyebanwa mkia, na watu wengi wamefungua gia boksi nzima kumbe lilihitaji nusu lita tu.

Kisha tukalisikiliza likiwa limesimama. P, halafu N, Mjomba akikanyaga mafuta taratibu. Mlio unaopanda na injini wakati gari halijasogea ni wa pampu ya gia boksi au konveta, maana hivyo vinazunguka kila injini inapozunguka. Au si wa gia boksi kabisa: pampu ya stelingi nayo inaweza kukudanganya, jenereta nayo vilevile. Gari letu lilitulia tuli. Mjomba akasema, "Twende barabarani."

Mimi nilikaa nyuma, nimeinama, sikio karibu na sakafu. Benzi hizi ukizikanyaga kwa upole huondoka na gia ya pili, ya kwanza inajiweka akiba. Tukaondoka. Ukaja mlio mwembamba kama wa mbu aliye ndani ya chandarua. Gia ya tatu, mbu akashusha sauti lakini hakutoka. Gia ya nne, kimya. Mjomba akaachia mafuta, likarudi ya tatu, mbu akarudi. Akaliacha lishike kasi tena, kilometa sitini kwa saa, akaweka N, gari likateleza lenyewe na injini ikipumua chini. Kimya. Basi haikuwa difu, haikuwa propela, hazikuwa beringi za magurudumu. Hivyo vinazunguka maadamu magurudumu yanazunguka; havijui wala havijali uko gia ya ngapi.

Hata hapo Mjomba hakutoa hukumu. Aliingia chini ya gari na bisibisi refu, ncha yake kwenye chuma, mpini wake sikioni. Akaona raba inayobeba gia boksi imechoka. Raba ikifa, mlio mdogo wa kawaida unapanda kwenye bodi unakuwa mkubwa, na ugonjwa wa mahali pamoja unasikika mahali pengine. Tukabadilisha raba. Mlio ukapungua kidogo, haukuisha. Mwisho tukashusha sampu ya oili. Ute mweusi laini chini ya sampu si ajabu, ni vumbi la sahani za klachi zilizofanya kazi. Lakini sisi tuliona vinavyometameta, na Mjomba alipopitisha sumaku, vikanyanyuka.

Akamwita mwenye gari, akamwonyesha ile sumaku. "Sayari zimeanza kulika. Leo ni seti moja ya gia. Ukiendelea nalo, oili itavibeba vyuma hivi kila mahali, na itakuwa gia boksi nzima." Mwenye gari akauliza gharama, akakuna kichwa, akasema ataliuza. Mjomba akamjibu, "Uza, ni mali yako. Ila anayenunua mwambie." Mwenye gari akaitikia kwa kichwa. Na wewe msomaji unajua, kama ninavyojua mimi, kwamba kuitikia kwa kichwa si kuahidi.

Jumamosi iliyofuata Mjomba alikwenda msibani Morogoro. Niliachiwa gereji. Saa tatu asubuhi akaja dalali, na gari lile, na chupa moja mkononi. Akasema ni dawa. Dawa gani bwana! Ilikuwa oili nzito kama asali, isiyo ya gia boksi ile. Oili nzito inajaza nafasi kati ya meno yaliyolika, kelele inapungua. Haiponyi jino hata moja.

"Dogo, mwagia hii, litatulia. Mteja yuko njiani."

Akanipa elfu ishirini, akaiita ya soda. Halafu akasema neno ambalo sitalisahau: "Na ukiulizwa usiongope. Wewe ni kijana mwenye dini. Nyamaza tu."

Nikamwagia.

Mteja alikuja saa nne. Shati limepigwa pasi mpaka mistari imesimama, kalamu mfukoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika "Marahaba mwanangu," akanipa mkono wake ingawa wangu ulikuwa na oili. Alifundisha shule za msingi miaka thelathini na minne. Alituambia kwamba alipokuwa kijana alikuwa akiliona gari la namna hii likipita kijijini kwao na vumbi lake, limebeba mkubwa fulani, na akaweka nadhiri. Sasa amepata kiinua mgongo. Lakini hakuwa mjinga wa kuchezea kiinua mgongo: alikusudia kulikodisha kwa maharusi, maana siku hizi bibi harusi wa mjini anataka gari la kizamani lililong'arishwa. Lingemlisha yeye na mkewe.

Aliendesha yeye. Dalali alikaa pembeni yake, mimi nyuma. Dalali akafungulia redio, taarabu ikajaa ndani ya gari, naye akaanza kuongea: viti hivi ni vile vya asili, chasisi haijawahi kuguswa, chuma cha Mjerumani hiki mzee. Tukashika Barabara ya Nyerere kuelekea uwanja wa ndege. Gari likaingia gia ya nne, likawa kimya kama msikiti saa nne ya asubuhi. Nikaanza kupumua. Tulipofika TAZARA tukapanda flaiova ya Mfugale, Mwalimu akaongeza mafuta ili lipande, gia ikashuka ya tatu, na yule mbu akaja. Akaja juu ya dawa, juu ya taarabu, juu ya maneno ya dalali.

Mwalimu akanyoosha mkono, akapunguza redio mwenyewe.

"Kijana, wewe ndiye fundi. Huu mlio ni wa nini?"

Dalali akanitazama kwenye kioo. Hapo ndipo niliposema maneno yangu saba.

"Aa," akasema Mwalimu, akicheka, "kumbe kama mimi." Akaongeza redio.

Basi. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna radi iliyopasuka. Jioni nilikula chipsi kuku kwa ile elfu ishirini, na zikawa tamu. Nalisema hili makusudi, maana hadithi zetu hupenda kumfanya mwenye dhambi ashindwe kumeza tonge. Mimi nilimeza.

Baada ya miezi mitatu gari lilirudi likivutwa kwa kamba na Canter. Lilikuwa na mapambo bado, utepe mweupe kwenye boneti. Lilikataa kwenda mbele njiani, likiwa limembeba bibi harusi, naye ikabidi amalizie safari yake kwa bajaji, shela mkononi. Tulipolifungua, pini za sayari zilikuwa zimekwisha, vyuma vimesambaa kila mahali: kwenye filta, kwenye tundu nyembamba za valvu, kwenye sahani za klachi. Oili ya otomatiki ni kama damu, inapita kila kiungo. Ikibeba uchafu, inaugawa bila upendeleo. Ugonjwa wa seti moja ya gia ulikuwa umeila gia boksi yote.

Mjomba alichovya kidole kwenye ile oili nzito. Akakisugua na gumba. Akanitazama.

"Oili hii si yangu."

Nikamwambia yote. Nilitegemea kofi. Akaniambia, "Mimi sikununua gari. Nenda ukamwambie aliyenunua."

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya mwarobaini na kikombe cha chai. Nilichuchumaa mbele yake, nikaeleza: sumaku, dalali, chupa, elfu ishirini. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama anayesahihisha mtihani. Kisha akasema:

"Mlio niliusikia mwenyewe, mwanangu. Uzee haujanifika masikioni. Sikukuuliza kama upo. Nilikuuliza ni wa nini."

Ndugu msomaji, kwa maneno hayo alinivua nguo. Maana utetezi wangu wote ulikuwa kwamba sikuficha kitu: mlio ulikuwepo, aliusikia, angeweza kuamua. Kumbe hakuwa na haja na masikio yangu, alikuwa na yake. Alihitaji kile nilichokuwa nacho mimi tu, yaani maana ya mlio. Na mimi nilimpa maana nyingine, iliyotengenezwa kwa maneno ya kweli matupu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikienda maktaba kutafuta kama kuna mtu aliyewahi kuwaza shauri kama langu. Nikagundua kwamba wamelibishania zaidi ya miaka elfu mbili. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mrumi Cicero alimwandikia mwanawe kitabu kuhusu wajibu, na ndani yake akaleta mfano wa mfanyabiashara anayetoka Alexandria na meli ya nafaka, anafika kisiwa cha Rhodes na kukuta watu wana njaa. Yeye anajua kwamba meli nyingine zenye nafaka ziko njiani. Je, awaambie, au anyamaze auze kwa bei ya juu? Kuna waalimu wawili wanaobishana. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji aseme kasoro zile ambazo sheria inamtaka azitaje, na mengine asifanye hila. Kutosema si sawa na kuficha. Mwanafunzi wake Antipater anakataa: sisi ni binadamu wa jamii moja, wajibu wako ni kusema. Kuna na mfano wa mtu anayeuza nyumba ambayo nyoka hutokea vyumbani, na yeye peke yake ndiye anayejua. Cicero mwenyewe anaegemea upande wa Antipater. Anaona kwamba kunyamaza kunageuka kuficha pale unapotaka, kwa faida yako, mwenzako asijue jambo linalomhusu.

Nilipomaliza kusoma niliona jambo la kunitia aibu. Hata Diogenes, wakili wa ukimya, asingenitetea. Yeye anazungumzia muuzaji asiyesema jambo ambalo sheria haimdai. Mimi nilikuwa nimemwagia dawa, kisha nikaulizwa.

Bibi yangu alikuwa na hadithi yake, na hakuipata maktaba. Mtume alipita sokoni akaona rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Akaulizwa, mbona hukuuweka ule uliolowa juu, watu wauone? Tazama, msomaji: yule bwana hakuwa ametamka neno lolote la uongo. Aliziacha tu nafaka kavu ziseme kwa niaba yake, kama mimi nilivyoiacha taarabu.

Najua utakayonijibu, kwa sababu nilijijibu hayo kwanza. Utasema njaa. Ni kweli, elfu ishirini kwangu si hela ndogo. Lakini Mwalimu naye alikuwa na njaa yake, na kiinua mgongo hakilipwi mara mbili. Utasema halikuwa gari langu. Kweli, lakini ujuzi ulikuwa wangu, na alichoniuliza ni ujuzi. Utasema fundi naye si Mungu, anaweza kukosea, kwa nini aharibu biashara ya watu kwa dhana? Hili ndilo jibu gumu kuliko yote, na nimelifikiria sana. Nadhani kutokuwa na hakika hakukupi ruhusa ya kunyamaza. Kunakupa wajibu wa kuisema na dhana yako pia. Ningeweza kusema: "Mzee, unalia gia ya pili na ya tatu, ya nne haulii. Tulikuta vyuma kwenye oili. Tunadhani ni sayari. Hatujafungua." Sentensi nne. Ningechukua sekunde kumi, tungekuwa bado hatujashuka flaiova.

Na utasema kila mtu mjini anafanya hivyo. Hapo nakuletea Mmarekani, George Akerlof, aliyeandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Marekani gari bovu lililofichwa ubovu huitwa limau. Hoja yake ni nyepesi: mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na limau, atatoa bei ya katikati. Mwenye gari zima ataona anapunjwa, ataliondoa sokoni. Yatabaki malimau. Kwa maneno yetu, kila fundi anayenyamaza anamtoza kodi muuzaji mkweli ambaye hata hajakutana naye. Kumbe kisingizio cha "wote tunafanya" ndicho hasa kinacholiua soko.

Sasa je, kila kunyamaza ni kuongopa? Sisemi hivyo. Mjomba wangu ananyamaza mambo mengi: hamwambii mteja huyu madeni ya yule, hamwambii mke alichokuta chini ya kiti cha gari la mume. Kuna ukimya wa stara, na bila huo tusingeweza kuishi kwenye nyumba zetu za kupanga, ukuta kwa ukuta. Kwa hiyo nimejitafutia kipimo changu, na nakuomba ukipime nawe. Kila ninapotaka kunyamaza najiuliza: ni nani atakayelipa gharama ya ukimya huu, na je, anajua kwamba analipa? Nikinyamazia siri ya mtu na gharama ikawa yangu, hiyo ni stara. Nikinyamaza na gharama ikaenda kwa mtu asiyejua kwamba anatozwa, huo ni wizi, hata kama kila neno nililosema lilikuwa la kweli.

Nawaandikia vijana wenzangu wa kalamu, basi niseme moja la kwetu. Usiku ule baada ya Mwalimu kuondoka nilifungua daftari la riwaya yangu. Katika sura ya nne kuna baba anayempiga mkewe, na mtoto anasikia kutoka chumba cha pili. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba maisha ya ndoa yana milima na mabonde. Nikakaa nikaitazama sentensi hiyo. Ni ya kweli. Haina kosa la sarufi. Ni oili nzito. Msomaji wangu angesikia mlio wa nyumba ile, angeniuliza ni wa nini, nami ningemjibu kwamba ndoa ya zamani haikosi mlio. Nimeifuta. Bado sijajua nitaandika nini badala yake, ndiyo maana mnaona nimekwama sura ya nne.

Gari tulilifunga gia boksi ya mtumba. Kazi yetu hatukumtoza Mwalimu. Gia boksi yenyewe alilipa yeye nusu, Mjomba akatoa nusu, nami nakatwa kila Jumamosi mpaka nimalize. Dalali haji tena kwetu, na wateja wengine amewahamisha. Mjomba hajasema kitu kuhusu hilo, ila naona jinsi anavyohesabu hela jioni.

Mwalimu bado anatupitia mara moja moja, gari limeng'arishwa, utepe tayari kwenye boneti. Hunipa zamu ya kukaa mbele. Kabla hatujaondoka hunyoosha mkono akazima redio, kisha ananiambia, "Haya, sikiliza. Halafu uniambie."